Ngoma Isiyo na Jukwaa: Mchoraji Mbele ya Onyesho, kutoka Hamlet hadi Tarime na Serengeti

Picha ya rangi ya mafuta iitwayo The Play Scene in Hamlet ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika Royal Academy, London, mwaka 1842. Aliyeichora, Daniel Maclise, alizaliwa Cork, Ireland, mwaka 1806, akahamia London akiwa kijana na kufia huko mwaka 1870. Turubai lake lina upana wa takriban meta 2.74 na kimo cha meta 1.52, na sasa limo katika hazina ya Tate. Tukio lililochorwa linajulikana kwa kila aliyesoma tamthilia hiyo ya Shakespeare: Hamlet amewapa waigizaji mchezo unaofanana na mauaji ya baba yake, ili amtazame Mfalme Claudius, ambaye ni baba yake mdogo, aone kama uso utamsaliti.

Jukwaa la mchezo huo liko katikati ya picha, lakini Maclise amelisogeza nyuma na kulifanya dogo. Nafasi kubwa ya mbele wamepewa watazamaji. Hamlet amejinyoosha sakafuni, macho yake kwa mfalme. Ophelia ameketi upande mmoja, na upande wa pili Claudius anageuza uso asione. Ujanja mkubwa wa picha uko kwenye taa. Mwanga unatoka chini, miguuni mwa mwigizaji anayemimina sumu sikioni mwa aliyelala, na kivuli chake kinapanda ukutani kikiwa kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Mwigizaji ni mdogo. Tendo lake ndilo linalozijaza kuta. Mchoraji asiyeweza kutia sauti katika turubai alipata njia ya kuonyesha kwamba maneno yamefika.

Njia hiyo ilitegemea umbo la ukumbi. Jumba la maonyesho la Ulaya lina ukuta wa nne uliotobolewa: waigizaji upande huu, watazamaji upande ule, na mlango mpana wa pembe nne katikati. Mlango huo tayari ni fremu. Mchoraji akifika, nusu ya kazi ya kupanga picha imekwisha kufanywa na seremala. Ndiyo maana picha za maonyesho zimekuwa nyingi Ireland na Uingereza, na ndiyo maana William Orpen, kijana wa Dublin, aliweza kuchukua tukio lilelile la Hamlet mwaka 1899 na kushinda nalo tuzo ya Shule ya Slade, London.

Onyesho la Wakurya wa wilaya za Tarime na Serengeti, Tanzania, halina fremu ya namna hiyo. Ngoma huchezwa uwani au barabarani, na walio karibu nayo wanaizunguka. Ritungu, kinubi kikubwa cha nyuzi 8, hupigwa na mtu aliyeketi. Bakuli lake la mti limewambwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi zilizokuwa za kano siku hizi mara nyingi ni za nailoni. Sauti yake ni nzito na ina mvumo unaokwaruza kidogo, jambo linalowashangaza wageni waliozoea kinubi cha sauti nyororo. Wachezaji wa kiume wanaweza kuvaa manyoya ya mbuni kichwani, njuga miguuni na viatu vizito vya mti vinavyomwongezea mtu kimo na kuifanya kila hatua isikike ardhini. Mwimbaji huanzisha, waliosimama huitikia, na anayeitikia anaweza dakika inayofuata kuwa ndani akicheza. Wakati wa misimu ya tohara, hasa Desemba, mpaka kati ya mchezaji na mtazamaji hupotea kabisa: msafara hupita njiani na filimbi na matawi, nyuso zimepakwa unga au majivu, wanaume wengine wamevaa nguo za kike, na mtaa mzima unakuwa sehemu ya mchezo. (Ukeketaji wa wasichana, ambao nao umekuwa ukifanyika ndani ya shamrashamra hizo, unakatazwa na sheria iliyopitishwa mwaka 1998, na mchoraji wa misafara hiyo hawezi kujifanya hajui anachokisherehekea.)

Mchoraji anayesimama mbele ya duara kama hilo ana tatizo la kweli. Akisimama nje anaona migongo. Akiingia ndani anaona nusu tu, na hiyo nusu ya pili iko nyuma yake. Viatu vya mti vinachorwa kwa urahisi. Kishindo chake hakichoriki. Hapa kivuli cha Maclise hakisaidii, kwa sababu jua la saa nane mchana humulika mchezaji na mtazamaji sawasawa.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwenye miamba ya Moru iliyo kusini mwa Seronera, kuna jibu la zamani ambalo halikutafutwa na mchoraji wa turubai. Chini ya jabali lililoinama, morani wa Kimasai walichora ngao, wanyama na alama nyingine kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Si mbali na hapo kuna mwamba wenye vishimo vilivyochongwa kwa kugongwa; ukigongwa kwa jiwe hutoa mlio kama wa chuma, na kila kishimo kina mlio wake. Kinachojitokeza zaidi katika michoro hiyo si mchezaji anayecheza. Kilichowekwa ukutani ni ngao, yaani kile ambacho morani huingia nacho uwanjani, na mlio umeachiwa jiwe. Kwa hukumu ya mhadhara huu, huo ni uamuzi wa busara zaidi kuliko picha nyingi za ngoma zilizojaa mikono na miguu hewani. Wamasai waliondolewa ndani ya hifadhi mwaka 1959, na tangu hapo miamba hiyo hutembelewa na watalii.

Jibu lingine lilitoka kwa Sam Ntiro, Mtanzania aliyechora kwa rangi ya mafuta. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere chini ya mwalimu wa sanaa Margaret Trowell, kisha akaenda Slade, shule ileile ya Orpen, kuanzia mwaka 1952 hadi 1955. Picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960. Mwaka uliofuata Ntiro akateuliwa kuwa balozi wa Tanganyika London. Katika kazi zake nyingi anayetazama amewekwa juu, kana kwamba yuko mlimani, na watu ni wadogo, wengi, wakifanya jambo moja pamoja. Nyuso hazina maelezo mengi. Walimu wa Slade wangeweza kuliita hilo upungufu. Lakini mtu anayechora kusanyiko ambalo kila mmoja ni mshiriki hana sababu ya kumchagua shujaa mmoja na kumlaza mbele sakafuni, na kutoka juu duara huonekana lote.

Wakurya hawajapata Ntiro wao kwa kiwango hicho, ingawa mkoa wao ulimtoa mtu aliyewaletea wasomaji wa Kiswahili Shakespeare mwenyewe: Julius Nyerere wa Butiama, aliyetoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963.

Siku hizi picha nyingi za ngoma za Serengeti hupigwa kwa simu, kwenye hoteli na kambi za watalii. Huko duara limefunguka. Wageni wameketi upande mmoja kwenye viti, taa zimeelekezwa upande wa pili, na wachezaji wamejipanga mstari wakiwatazama. Kikundi kinachocheza kwa malipo kimelazimika kujitengenezea ukuta wa nne wa Ulaya bila kujenga jumba lolote. Picha zinazotoka hapo huwa na fremu nzuri na rangi zilizokolea: manyoya, njuga, viatu vya mti. Wasioonekana ndani yake ni wale ambao uwani wangekuwa wakiitikia, wazee, watoto, mama mwenye kupiga vigelegele, pamoja na mgeni mwenyewe, ambaye Maclise angemweka mbele kabisa.