Diplome ilisaidia nani? Mazungumzo ya 4 Juni mbele ya wafinalisti wa Lubumbashi



Asanti kwa kutoka mu baridi hii ya Juni, na zaidi kwa ninyi wa Katuba na wa Kenya, tumesikia wengine mlikuja kwa mguu. Hatutawachosha.

Kwa mkutano uliopita dada mmoja anayengojea Egzeta alisimama akatuuliza: « Mnatuambia kila siku tusome. Hiyo diplome ilisaidia nani? » Tuliangaliana. Kati yetu kuna mwenye diplome ya uchumi, na tangu miaka 6 anauza megabaiti pembeni ya barabara. Kuna mwalimu anayelipwa na wazazi wa watoto. Mwezi wazazi wakikosa, naye anakosa. Tulimjibu dada kitu fulani, lakini kusema kweli lilikuwa jibu la mdomo tu. Leo tunataka kulipa ile deni.

Tulifanya hivi: tulichagua shule moja, tukafuata maisha ya watu waliotoka humo. Shule ni Lovanium, ile ya mlimani Kimwenza, karibu na Kinshasa, ambayo leo ni UNIKIN. Ilifunguliwa mwaka 1954, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, na wenye kuianzisha walikuwa Wakatoliki wa chuo kikuu cha Louvain. Miaka 6 nyuma yake nchi ikapata uhuru, na Wakongo wenye diplome ya chuo kikuu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo kila mtu aliyemaliza pale alikuwa anangojewa na nchi nzima, na vyeo vilikuwa vinangojea pia.

Walijengewa vizuri, hatukatai. Mwaka 1959 Lovanium ilipata mashine ya nyuklia ya uchunguzi, ya kwanza mu Afrika. Sisi watu wa Katanga tunacheka kidogo hapo: uranium ya Shinkolobwe, hapa kwetu, ilikwisha kwenda zamani kutengeneza bomu ya Hiroshima, halafu Wakongo wakaletewa kamashine ka kujifunzia.

Basi watu wenyewe. Sophie Kanza alimaliza masomo ya sosiolojia mwaka 1964, mwanamke Mkongo wa kwanza kupata diplome ya chuo kikuu. Mwaka 1966 akawa waziri, mwanamke wa kwanza vilevile. Wadada mliopo hapa, hesabuni: shule ilikuwa na miaka 10 mbele mwanamke mmoja amalize. Hawakukosa akili. Wakoloni walikuwa wanafundisha wasichana kushona na kupika, na wazazi wengi wakaona inatosha. Mnajua kwenye nyumba zenu kama hiyo mawazo imekwisha.

Wa pili tutakaa naye zaidi. Jean-Jacques Muyembe alipata diplome ya udaktari pale Lovanium mwaka 1969. Akaenda Ubelgiji, akachukua udaktari mwingine juu ya virusi mwaka 1973, na akarudi. Tunasema tena: akarudi. Mwaka 1976, ana miaka 34, wakamtuma Yambuku, ndani kabisa ya Équateur, kwenye mission ambako watawa na wagonjwa walikuwa wanakufa bila mtu kujua ni kitu gani. Alitoa damu za wagonjwa bila glavu. Alipochomoa shindano, damu haikukatika, ikamwagikia mikono yake. Akanawa kwa maji na sabuni. Mpaka leo anasema alikuwa na bahati, na sisi tunamwamini. Alirudi Kinshasa pamoja na mtawa mmoja mgonjwa, damu ya yule mtawa ikapelekwa Antwerp, na huko njo ulimwengu ulitambua virusi mpya, wakaipa jina la mto wetu, Ebola.

Kwa miaka mingi, wakisimulia hiyo habari kule nje, walitaja watu wa maabara za Ulaya na Marekani. Mwenye kunawa mikono hakutajwa. Mwingine angekasirika akaacha. Yeye mwaka 1995, Ebola ilipofika Kikwit, alichukua damu ya watu waliopona akawatia wagonjwa 8. Watu 7 wakapona. Wataalamu wa nje wakasema hiyo si ushuhuda wa kutosha. Na kisayansi hawakukosea kabisa, wagonjwa 8 ni wachache. Lakini hakuachilia. Miaka nyuma yake, kutoka kwa damu ya mtu aliyepona Kikwit, yeye na wenzake wa Marekani wakapata dawa inayoitwa mAb114, au Ebanga. Ilijaribiwa wakati wa ule ugonjwa ulioanza Kivu mwaka 2018, na Desemba 2020 Marekani ikaikubali. Kutoka Yambuku mpaka hapo ni miaka 44. Sisi tunaopost asubuhi na kuhesabu ma-like saa sita, tukae kidogo na hiyo namba.

Sasa wa tatu, na hapa tunaomba utulivu, kwa sababu tunajua kila mtu ana upande wake. Étienne Tshisekedi alipata udaktari wa sheria Lovanium mwaka 1961, Mkongo wa kwanza kuupata pale. Hatuko hapa kusifu familia ya mtu, na hatuko hapa kuitukana. Tunaangalia kazi tu. Huyu mwanasheria aliingia mu serikali ya Mobutu tangu mwanzo, akawa waziri wa mambo ya ndani, akasaidia kuandika katiba ya 1967. Juni 1966, utawala ule ulinyonga wanasiasa 4 mbele ya watu, Kinshasa. Yeye alibaki mu utawala. Hiyo ni ukweli, na wenye kumpenda mara nyingi wanairuka. Halafu mwaka 1980 yeye na wenzake, wabunge 13, wakamwandikia Mobutu barua ndefu ya kumwambia nchi inakufa. Wakakamatwa. Mwaka 1982 wakaunda UDPS wakati chama kilikuwa kimoja tu kwa sheria. Akafungwa, akapelekwa kijijini kwa nguvu, akatoka, akafungwa tena. Hiyo nayo ni ukweli, na wenye kumchukia wanairuka.

Tulibishana sana wenyewe kwa wenyewe tukitayarisha haya mazungumzo. Wengine walisema tumwondoe. Tulimwacha kwa sababu ya kitu kimoja: masomo hayakumkataza kutumikia utawala, na kuutumikia kwake hakukumkataza kuukataa baadaye. Kuna watu hapa ambao wakubwa wao wanafanya kazi ya leta na wanaona haya kuja kwetu. Mlango uko wazi.

Wa ine ni wa huku kwetu. Valentin-Yves Mudimbe, mtoto wa Likasi, alizaliwa mwaka 1941, akasoma Lovanium, akamalizia Louvain. Tangu 1971 alifundisha hapa Lubumbashi. Wazee wengi waliopita kwenye fasihi wakati ule walikaa mbele yake. Mobutu alipotaka kumweka mu komite kuu ya chama, alikataa, akaenda Marekani. Kule aliandika The Invention of Africa, kitabu cha 1988 kinachoonyesha namna wasomi wa Ulaya walivyoitunga Afrika mu vichwa vyao na sisi tukaisoma kama ni sura yetu. Alikufa huko Aprili 2025. Hatutasema alikimbia. Tunasema tu kwamba mtoto wa Likasi alisomwa mu vyuo vikuu vya dunia yote, na hapa kwetu kijana wa Likasi anayetafuta kitabu chake atapata shida sana kukiona.

Mngejua namna alifika Lubumbashi, njo tungeingia mu habari ya leo.

Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium walitoka mlimani kwenda mjini kufanya maandamano. Walidai bursi inayotosha kuishi, na walidai kusikilizwa mu mambo ya chuo chao. Hawakuwa na silaha. Askari waliwapiga risasi. Serikali ilitoa hesabu ndogo ya waliokufa, wanafunzi wakatoa kubwa zaidi, na mpaka leo hesabu haijulikani. Wengine walifikishwa mbele ya tribunali, wakahukumiwa, baadaye wakasamehewa. Wafu hawakusamehewa kitu.

Angalieni miaka. Huo njo mwaka ambao Muyembe alipata diplome. Kuna vijana walioanza naye ambao wangekuwa madaktari, wahandisi, walimu, na hawamo kwenye orodha yoyote ya wanafunzi wa zamani. Ba ansien wa chuo wanapokutana, wanahesabu mawaziri na maprofesa. Hatujasikia orodha yenye kusema: huyu alikuwa mwaka wa 2, sheria, alikufa barabarani.

Miaka 2 kisha, tarehe 4 Juni 1971, wanafunzi walitaka kuwakumbuka wenzao. Kukumbuka tu. Mobutu akawaingiza wanafunzi wote wa Lovanium mu jeshi, kalamu chini, bunduki begani. Agosti ile ile Lovanium ikafa kwa jina: ikaunganishwa na chuo cha Lubumbashi na cha Kisangani, vyote vikawa UNAZA, na vitivo vikagawanywa. Fasihi ikaletwa hapa. Mudimbe akaja na fasihi. Kumbe sehemu ya kile tunachojivunia ku Lubumbashi ilitoka kwenye azabu ya watu wengine.

Na hapa tulilipa deni letu wenyewe. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia kwenye kampasi ya hapa, wakawashambulia wanafunzi mu vyumba vyao. Hesabu ya waliokufa, ni vile vile: wachache kwa serikali, wengi kwa waliokuwa humo. Ubelgiji ilikata msaada wake kwa Zaire juu ya hiyo. Baba mdogo wa mmoja wetu alikuwa mwanafunzi kule. Hasimulii. Lakini umeme ukikatika usiku, anasimama kwanza kufunga mlango, halafu njo anatafuta mshumaa.

Basi dada, uliuliza diplome ilisaidia nani. Tulitafuta na hili njo tuliona. Kuna wale iliwapa nyumba Gombe na gari, ni wengi, hatukuwaita leo. Ile ya Muyembe ilisaidia mama wa Beni ambaye alitiwa dawa mwaka 2019 akarudi kwa watoto wake, na huyo mama labda hakumaliza primeri. Ile ya Sophie Kanza, wewe mwenyewe unaiendea Egzeta. Kuhusu mwenzetu anayeuza megabaiti, bado hatuna jibu lenye kumtosha, na hatutamdanganya kwamba asubiri. Kazi ya vijana ni haki tunayoidai kwa leta, si zawadi ya mtu, na Jumamosi tutarudi kwenye barua tuliyoandikia wakubwa wa mkoa. Yeye ni mmoja wa walioiandika, na aliiandika vizuri kuliko sisi.

Kitu cha mwisho ni kazi. Tunataka kukusanya majina ya wanafunzi waliokufa, wa 1969 na wa 1990. Jina, kitivo, mwaka wa masomo, komini ya nyumbani, na kama kuna picha, picha. Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1969 leo wamepita 70. Mwaka kwa mwaka tunawazika pamoja na wanachokijua. Msiandike kitu mu WhatsApp bila ruhusa ya familia, tafadhali. Kuna familia ambazo zilikatazwa kulia, na haziwezi kuamka asubuhi na kuona jina la mtoto wao linazunguka mu simu. Nenda nyumbani kwao, kaa, piga hodi kwa heshima, sema wewe ni mtoto wa nani. Wakikataa, shukuru na ondoka.

Mwenye mzee, mama au jirani aliyekuwa ku kampasi mwaka 1990 abaki kidogo tukimaliza. Daftari liko hapa mbele, kwa meza.