Jina la shujaa si bidhaa ya kuuza



Tarehe 4 Februari 1968, huko Atlanta, Marekani, Mchungaji Martin Luther King alihubiri kwamba mkubwa wa kweli ni yule anayewatumikia wengine. Katika mahubiri hayo hayo aliwaonya watu wasidanganywe na matangazo ya biashara, wakanunua magari kupita uwezo wao ili waonekane wakubwa. Miezi miwili baadaye aliuawa Memphis, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma.

Tarehe 4 Februari 2018, miaka 50 kamili, kampuni ya magari ya Ram ilitumia sauti yake hiyo katika tangazo la televisheni. Maneno ya utumishi yalisikika. Onyo juu ya magari liliachwa. Wasimamizi wa haki za maneno yake walikuwa wametoa ruhusa, lakini watu wengi walikasirika.

Ndugu zangu tuliokimbia makwetu, akija mtu kambini kuwaita vijana wetu, amevaa picha ya Lumumba kifuani, tumuulize: Shujaa huyu alisema nini kingine? Na wewe unamtumikia nani?

Kumheshimu shujaa ni kuendeleza kazi yake.