Kuhakiki Mikusanyiko ya Katuni: Msomaji Mgeni na Msomaji Mwenyeji



Katuni zetu nyingi zilisomwa kwanza gazetini. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa, kipande kwa kipande, na gazeti la jana likaishia kufungia sukari. Michoro ya namna hiyo ikikusanywa kitabuni hupata wasomaji wa aina mbili: aliyeifuata tangu mwanzo na anayekutana nayo leo. Wahakiki wengi humwandikia yule wa kwanza tu, kwa kuwa wao wenyewe ni wenyeji. Hilo ndilo ninalolipinga.

Chukueni Democrazy!, mkusanyiko wa Gado wa mwaka 1998. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, ni Mtanzania aliyejiunga na Daily Nation mwaka 1992, mwaka ambao Kenya ilirudi kwenye uchaguzi wa vyama vingi. Katika katuni za enzi ile, rungu peke yake lilitosha kumtambulisha Rais Moi. Kijana aliyezaliwa baada ya 2002, Moi alipokwisha kung'atuka, anaweza kusoma miaka minne katika Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret na bado lile rungu lisimwambie kitu. Kwa ajili yake, mhakiki aseme wazi: je, kila mchoro una tarehe? Kuna maelezo ya kisa kilichouzaa? Mwenyeji naye ana maswali yake. Anataka kujua ni katuni zipi zimeachwa, na kama michoro imebanwa ukurasani hadi maneno hayasomeki.

Gado huyo huyo alitoa Abunuwasi mwaka 1996 kupitia wachapishaji Sasa Sema, na hapo mambo hugeuka. Hadithi za Abunuwasi hazihitaji tarehe, ila mwenyeji anaujua mwisho wa nyingi. Sote tunakijua kisa cha sufuria iliyozaa: jirani alifurahia kuambiwa imezaa, kisha akaambiwa imekufa. Kusimulia kisa kama hicho upya katika uhakiki ni kupoteza wino, na ni kumnyang'anya mgeni utamu wake. Tutazame kazi ya mchoraji. Uso wa jirani unabadilika katika kisanduku kile kile anachopewa habari ya msiba, au tunangojeshwa hadi tufungue ukurasa? Hapo ndipo kicheko kinapopatikana au kupotea, na hapo mgeni na mwenyeji wanaweza kusoma pamoja.

Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza 2010, linatuletea tatizo jingine: Sheng, lugha ya vijana wa mijini. Lugha hiyo haikai mahali pamoja, na toleo la mwanzo tayari lina maneno ambayo vijana wa leo hawayatumii. Anayehakiki matoleo ya zamani aonyeshe maneno machache ya aina hiyo na maana zake. Asiyasahihishe kuwa Kiswahili sanifu, maana ataua sauti za wahusika.

Kwa zoezi la alasiri, naomba kila mshiriki achague katuni moja ya Gado ya miaka ya tisini, atafute habari ya siku hiyo katika magazeti ya zamani maktabani, kisha aandike aya mbili: moja kwa aliyekuwapo, moja kwa ambaye hakuwa amezaliwa.