Fua Chuma Kingali Chekundu

Nimeombwa niseme kidogo juu ya kufua chuma.

Naanza na kosa langu. Tulipokuwa tukichimba kisima cha kikundi, nilifua kulabu ya kuvutia ndoo ya udongo. Nilikuwa na haraka, nikavukuta mpaka chuma kikatoa cheche. Siku ya tatu kulabu ikakatika, ndoo ikaanguka hadi chini. Mchimbaji alikuwa ametoka kunywa chai. Mungu ni mwema, lakini kosa lilikuwa langu.

Pale palipokatika niliona chembe kubwa zinazong'aa, kama chumvi ya mawe. Sasa sikilizeni. Chuma laini, kile cha malango na madirisha, kina kaboni kidogo, chini ya sehemu 1 katika 400. Ndani yake kuna chembe zilizoshikana, ndogo hata macho hayazioni. Kikiwa na rangi ya machungwa, kama digrii 950, ukikipiga nyundo chembe za zamani huminywa, na mahali pake huzaliwa mpya zilizo ndogo zaidi. Hizo ndizo nguvu, maana ufa hukuta mipaka mingi ya kuvuka. Lakini ukikiacha tu motoni, chembe humezana zikawa kubwa.

Basi tufanye hivi:

1. Tazama rangi kivulini. Juani utadanganyika.

2. Anza kupiga kikiwa rangi ya machungwa. Wekundu ukififia, acha, kirudishe motoni. Usikipige kikiwa buluu, kitapasuka.

3. Kikitoa cheche kimeungua. Hakiponi hicho, kata kipande ukitupe.

4. Ukimaliza, kipashe tena kifike rangi ya machungwa, halafu kiache kipoe chenyewe hewani, mahali pakavu. Chembe zitajipanga upya, ndogo na sawasawa.

5. Usikitumbukize majini ukidhani kitakuwa kigumu kama patasi. Springi ya gari ina kaboni nyingi, hiyo ina masharti yake.

Nilifua kulabu ya pili namna hiyo. Tuliijaribu kwanza kwa ndoo ya mawe, shimoni hakuna mtu, na ndiyo iliyomaliza kisima.

Ndugu zangu, haraka ya dakika tano isituletee msiba. Yule anayeshuka chini ni mtoto wa mtu.