Uvumilivu wa Mungu na Uvumilivu Wetu

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twawashukuru kwa heshima mliyotupa sisi wa kamati ndogo ya mazishi ya kusema mbele yenu kabla Bwana Mweka Hazina hajasoma hesabu za mwaka. Wengi wenu mmetoka mbali, na mabasi ya jioni hayamngoji msemaji. Kwa hiyo tutajitahidi kuwa wafupi, ingawa jambo tulilopewa halina ufupi: jinsi uvumilivu wa Mungu na rehema zake zilivyo mbali na tabia yetu wanadamu.

Jambo hili halikuletwa leo kwa bahati. Kila mmoja hapa ajua ya kuwa shauri la saba katika orodha ya alasiri ni barua ya ndugu mmoja aombaye kurudishwa katika Chama. Jina lake hatutalitaja. Ninyi mnalijua, na maneno haya yatapigwa chapa katika taarifa ya mwaka, ambayo watoto wake nao wataisoma. Mnakumbuka yaliyotokea. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa sanduku la mazishi. Siku fedha zilipotakiwa ili mwili wa mwenzetu upelekwe kwao, sanduku lilifunguliwa likaonekana tupu. Mwili ulilala siku nne katika nyumba ya maiti, mpaka mjane alipouza ng'ombe wake wa maziwa akakodi lori. Sisi tulikuwamo katika mkutano uliomfukuza mtu yule, tukainua mikono bila kusita. Tangu siku ile, tulipomwona sokoni tulivuka barabara.

Basi na tuanze na lugha yetu wenyewe. Twasema, Mvumilivu hula mbivu. Twasema tena, Subira huvuta heri. Ni maneno ya hekima, nasi tumelelewa nayo. Lakini yatazameni vizuri. Katika methali zote mbili afaidiye ni yule yule anayengoja. Anavumilia kwa sababu ameliona embe juu ya mti, na ajua kwamba akikaa kimya kidogo litaanguka mkononi mwake. Huo ndio uvumilivu wa mwanadamu, nao si mbaya. Bila huo hapangekuwa na mkulima wala mfanya biashara. Lakini mti ukikataa kuzaa, uvumilivu huo huisha siku hiyo hiyo, kwa maana haukuwa na kazi nyingine.

Uvumilivu wa Mungu ni wa namna nyingine. Mungu hangoji apate kula. Mtume Petro, katika Waraka wake wa pili, awafundisha watu waliochoka kungoja kwamba kukawia kwa Bwana ni kwa faida yao wao, ili wapate nafasi ya kutubu. Tunda ni la yule anayengojewa.

Waebrania wa kale walikuwa na msemo mmoja ambao sisi twaupenda sana. Kwao hasira ilikaa puani, maana mtu akikasirika pumzi yake huwa ya moto. Hivyo walipotaka kusema kwamba Mungu si mwepesi wa hasira, maneno yao kwa asili yalisema kwamba yeye ni mrefu wa pua, kana kwamba pumzi yake hupita njia ndefu kabla ya kupata moto. Musa aliyasikia maneno hayo mlimani Sinai, katika Kutoka sura ya 34. Nayo hayakusemwa wakati wa amani. Ndama ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuabudiwa, na mbao za mawe za kwanza zilikuwa zimekwisha kuvunjika. Mungu alijitambulisha kuwa mwenye rehema wakati alipokuwa na sababu kubwa kabisa ya kutokuwa hivyo.

Mtume Petro, miaka mingi kabla ya kuandika waraka ule, alimwendea Bwana Yesu na swali la mtu mwenye daftari. Alitaka kujua mwisho wa hesabu: je, ndugu asamehewe mara saba? Twadhani alijiona mkarimu, na pengine alikuwa mkarimu kuliko sisi tuliokutana mara moja tu tukamfukuza mtu. Jibu alilopata lilikuwa sabini mara saba. Wako waliokwisha kupiga hesabu wakapata 490. Lakini mtu aliyefika makosa 489 huku akiyaandika moja moja, huyo hajasamehe hata mara ya kwanza.

Ndipo Bwana akatoa mfano ulio katika Mathayo sura ya 18, wa mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Sisi husoma hesabu hiyo haraka haraka, kwa sababu hatutumii talanta. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Kwa hiyo deni lile ni ujira wa siku milioni 60. Mtu akifanya kazi siku 300 kila mwaka, atalimaliza baada ya miaka 200,000. Mwandishi Josephus aeleza kwamba Herode Antipa, aliyetawala Galilaya siku zile, alipata kodi ya talanta 200 kwa mwaka katika nchi yake yote. Wale waliomsikiliza Yesu walikuwa ndio walipa kodi hiyo. Walielewa mara moja kwamba mtumwa yule alidaiwa kodi ya nchi yao kwa miaka 50.

Sasa sikilizeni mtu yule aliomba nini. Hakuomba asamehewe. Alianguka chini akaomba avumiliwe, akaahidi kulipa yote! Aliomba muda, kama sisi tunavyomwomba Bwana Mweka Hazina muda mpaka mwisho wa mwezi. Mfalme hakumpa muda. Alimfutia deni.

Akatoka, akamkuta mwenzake aliyemdai dinari 100, ujira wa miezi mitatu au minne. Hilo ni deni la kweli, tusilidharau. Wengi hapa tungelipigania. Akamshika koo. Mwenzake akaomba kwa maneno yale yale aliyoyatumia yeye mbele ya mfalme, naye hakuyatambua. Kwa nini? Sisi twaona, na hili ni wazo letu tu, kwamba mtu yule alitoka mlangoni bila kusikia aliloambiwa. Alidhani amepewa muda. Na mtu aliyepewa muda huanza kukusanya fedha kwa wadeni wake. Moyo wa mwanadamu waweza kuamini kwamba Mungu amemvumilia kidogo. Kuamini kwamba amesamehewa kabisa ni kazi ngumu, na asiyeamini hilo hukaba watu koo.

Liko jambo jingine katika mfano huu, nalo ndilo lililotunyima usingizi tulipokuwa tukiandika hotuba hii. Mfalme aliposamehe, zile talanta hazikupotea hewani. Yuko aliyezikosa, naye ni mfalme mwenyewe. Wakristo husema habari hiyo wanaponena juu ya Msalaba: kwamba Mungu hakufumba macho kama kwamba dhambi si kitu, bali aliichukua hasara ndani yake mwenyewe. Rehema yake hutoka katika mfuko wake. Yetu, ndugu zangu, mara nyingi hutoka katika mfuko wa mtu mwingine.

Hapa tutasema wazi, na wazee watusamehe. Ndugu aliyeandika barua amekuwa akilipa kidogo kidogo tangu alipofukuzwa. Fedha hizo zimepokewa, zimeandikwa, na stakabadhi zimetolewa. Zimeingia wapi? Zimeingia katika hazina ya Chama. Hata shilingi moja haikupelekwa kwa mjane aliyeuza ng'ombe. Hatukukusudia kumdhulumu, hakuna aliyefikiri. Lakini Chama kimerudishiwa chake, na leo alasiri kingeweza kupiga kura, kumsamehe mtu yule kwa makofi na nyimbo, na kwenda nyumbani kikijisifu kwa rehema iliyolipwa na mama mmoja.

Na tukiwa bado katika kusema wazi, tuongeze ya kwamba tulipochungua kitabu cha mwaka ule wa kumfukuza, tulikuta wawili katika kamati yetu walikuwa na deni la ada la miezi saba. Mweka Hazina wa wakati ule alinyamaza tu, akatungoja. Hatukuliona jambo hilo siku tulipoinua mikono.

Twajua kwamba wako wanaosema mtu huyu akirudi wao watatoka. Wasidharauliwe; wana mwenzao katika Maandiko. Nabii Yona hakukimbilia Tarshishi kwa kuogopa watu wa Ninawi. Yeye mwenyewe asema mwishoni kwamba alikimbia kwa sababu alimjua Mungu kuwa mwenye huruma, akahofu kwamba atawasamehe. Na Waashuri walistahili kuogopwa: mnamo mwaka 722 kabla ya Kristo dola yao iliangusha Samaria na kuwahamisha watu wake. Yona alikuwa na haki ya kuchukizwa. Akakaa nje ya mji, akakasirika mpaka kutaka kufa, kisha akauhurumia mtango uliomfunika kivuli siku moja. Mungu akamwuliza, je, yeye asiihurumie Ninawi yenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia? Kitabu chaishia hapo, kwa swali. Hatuambiwi Yona alijibu nini.

Lakini wengine watauliza: je, akirudi apewe na ufunguo? Sisi twasema hapana. Waisraeli walipokataa kuingia nchi ya Kanaani, Mungu alimwambia Musa kwamba amewasamehe. Hata hivyo walitembea jangwani miaka 40, na kizazi kile hakikuingia. Katika miaka hiyo yote waliendelea kupewa mana. Kusamehewa ni kukaa mezani pamoja na wengine. Ufunguo wa sanduku ni jambo la kanuni za Chama, na kanuni zetu zasema sasa kwamba funguo ziwe mbili kwa watu wawili.

Wala kuvumilia si kukaa tukitazama. Katika Luka sura ya 13 yuko mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, lakini hakuishia hapo. Alisema ataulimia pembeni na kuutia mbolea. Aliomba mwaka akiwa na jembe mkononi. Sisi tulimngoja ndugu yetu miaka hii yote, wala hakuna hata mmoja wetu aliyepita nyumbani kwake kuuliza kilichomfanya atoe fedha zile sandukuni. Tulipokwenda mwezi uliopita ndipo tulipojua. Hatutalieleza, kwa sababu si udhuru, na yeye mwenyewe hakulitoa kama udhuru.

Maoni ya kamati yetu basi ni haya. Fedha alizokwisha kulipa zitolewe katika hazina ya Chama zikapewe mjane, na zilizobaki kufikia bei ya ng'ombe yule tuzichange sisi tuliokuwamo mkutanoni siku ile, mbali na ada zetu. Majina ya kamati ndogo yamekwisha kuandikwa katika karatasi iliyo mbele ya Bwana Katibu. Mwenye kutaka na aongeze lake.

Kabla ya kuja hapa tulikwenda kumwona mama yule, kwa sababu hatukuona haki kusamehe katika jina lake naye hayupo. Alitukaribisha chai. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mtu huyo ndiye aliyetutuma. Tukasema hapana, tumekuja wenyewe. Akanyamaza kitambo, akakusanya vikombe. Halafu akasema, "Mwambieni, mlango wangu anaujua. Na asije usiku kama mwizi. Aje mchana, watu wamwone akiingia."

Ujumbe huo tumeufikisha kwake juzi. Naye yuko nje, chini ya mti, akingoja shauri la saba.