Kuwapo na Kufanya Kazi: Istilahi za Kulinda Michakato ya Kompyuta

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na menyu za programu ya ofisi zikasomeka kwa Kiswahili. Lugha ya amri anazoandika msimamizi wa seva haikupata bahati hiyo. Mfano mdogo waonyesha hasara yake.

Katika chuo au ofisi ya Arusha, mchakato unaohudumia watumiaji waweza kusimama usiku bila mtu kujua. Kwa sababu hiyo msimamizi wa Linux huandika hati fupi ya amri inayojirudia. Kila baada ya sekunde 60, tuseme, hati hukagua kama mchakato upo. Usipokuwapo, huuanzisha upya na kuandika saa ya tukio hilo.

Ukaguzi huo mara nyingi hufanywa kwa amri ya kill -0 pamoja na namba ya mchakato. Neno hilo la Kiingereza lina maana ya kuua, lakini hapa haliui chochote: huuliza tu kama namba hiyo ipo. Mfasiri akiandika “ua”, atamtia mwanafunzi hofu isiyo na sababu. Kazi halisi ya amri hiyo ni kutuma ishara, na “tuma ishara” ndiyo istilahi inayofaa.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Mchakato uliokwisha kufa, ambao mzazi wake hajapokea taarifa ya kifo hicho, hubaki na namba yake orodhani. Uliokwama nao hubaki. Hati hujibiwa kwamba mchakato upo, ikatulia, huku huduma imesimama.

Hapa Kiswahili kina hazina yake. Wakulima wa miteremko ya Mlima Meru, waliorithi kilimo cha mifereji, hawatosheki kusikia kwamba mfereji upo. Huuliza kama maji yanapita. Vivyo hivyo, hati bora huiomba huduma yenyewe jibu na kulisubiri kwa muda maalumu. Aidha, ikilazimika kuianzisha upya mara nyingi mfululizo, yafaa ikome na kumwita msimamizi, kwani kuanzisha upya hakuondoi chanzo cha hitilafu.

Kwa hiyo waunda istilahi wasiridhike na neno moja. “Upo”, “u hai” na “unahudumu” ni hali tatu tofauti, na mwanafunzi anayezitenganisha kwa lugha yake ataandika hati isiyodanganyika.