Tahajia ya Ulinganishi wa Vivumishi: Kosa la Mtoto na Wajibu wa Mwalimu



Mtu akisimama mjini Morogoro na kuinua macho kuitazama milima ya Uluguru, kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100, huonekana kana kwamba hakina mpinzani. Hata hivyo, kusini zaidi katika safu hiyo kipo Kimhandu, chenye zaidi ya mita 2,600, na hicho ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika Uluguru. Kulinganisha, basi, si kazi ya macho peke yake. Sharti mtu ajue analinganisha kitu gani na vitu gani. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba tahajia ya ulinganishi inamdai mtoto jambo hilo hilo.

Katika Kiingereza, daraja la ulinganishi mara nyingi huonekana mwishoni mwa kivumishi: "big", "bigger", "biggest". Mtoto hana budi kukumbuka ni lini herufi ya mwisho irudufishwe. Kiswahili hakibadili mwisho wa kivumishi. Ulinganishi wetu hujengwa ndani ya sentensi, kwa maneno kama "kuliko" na "zaidi", au kwa vitenzi kama kuzidi, kupita na kushinda. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba katika mada hii hatuna tahajia ya kufundisha. La hasha! Ugumu upo, ila umekaa mahali pawili pengine: mwanzoni mwa kivumishi, na katika neno "-ote".

Tuanze na mwanzo wa kivumishi. Nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, niliandika kwamba nyumba yetu ni "nkubwa kuliko ya jirani". Nilichapwa fimbo mbili, nikaambiwa niandike "kubwa" mara hamsini. Sikuelezwa sababu. Nami nilikuwa na hoja: tulikuwa tumefundishwa nyumba nzuri, nyumba ndogo, nyumba ngumu; kwa nini isiwe nyumba nkubwa? Miaka mingi baadaye, nikisoma fonolojia, ndipo nilipolipata jibu. Kiambishi cha ngeli hiyo ni nazali. Nazali hiyo hubaki mbele ya konsonanti ghuna, kama katika nzuri na ndogo. Hugeuka m mbele ya b, kama katika mbaya. Na hudondoka mbele ya konsonanti nyingi zisizo ghuna, ndiyo maana tunasema kubwa, pana, tamu na fupi. Inapokutana na r ya "-refu", sauti hizo mbili huzaa nd, nasi tukapata njia ndefu. Neno mpya limeihifadhi nazali kwa kuwa mzizi wake ni wa silabi moja. Mtoto anayeandika "njia refu" au "nyumba nkubwa" hajakosa akili. Ameitumia kanuni bila kuelezwa mipaka yake. Vivyo hivyo yule anayeandika "kitabu kighali zaidi": hajaambiwa kwamba ghali, rahisi na hodari, maneno ya mkopo, hayapokei kiambishi cha ngeli.

Mahali pa pili ni "-ote". Watoto wengi huandika: "Huu ni mlima mrefu kuliko wote." Mwalimu hukata kwa wino mwekundu na kuandika "yote", kisha huendelea na daftari linalofuata. Lakini mtoto ametazama neno lililo karibu, yaani mlima, akalipatanisha kwa umoja: mlima wote. Hajaambiwa kwamba mlima wote ni mlima mzima, kuanzia chini hadi kileleni, na kwamba mlima haulinganishwi na uzima wake. Unalinganishwa na milima mingine. Kwa hiyo ni mrefu kuliko yote. Ndivyo ilivyo kwa njia ndefu kuliko zote, kilele kirefu kuliko vyote, na nanasi tamu kuliko yote. Herufi moja tu hubeba kundi zima linalolinganishwa. Mwalimu akiuliza, "Kuliko nini?", naye mtoto akajibu, "Kuliko milima", tahajia itakuwa imejileta yenyewe.

Jambo hili lina uzito kuliko alama za mtihani. Watoto wengi wa vijiji vya Uluguru huja shuleni na Kiluguru, lugha ya Kibantu yenye ngeli zake na upatanisho wake. Mantiki ya upatanisho wanayo tayari. Tukiwaadhibu kwa kuitumia, tunawafundisha kwamba kufikiri ni hatari na kukariri ndio usalama. Baadaye wakiandika "more bigger" katika Kiingereza, tutawacheka, ilhali wamefuata tu muundo wetu wa "kubwa zaidi", ambao ni wa maneno mawili.

Ombi langu kwa walimu na wanaowaandaa walimu ni dogo. Kabla kalamu nyekundu haijagusa daftari, mtoto aulizwe kwa nini ameandika hivyo. Jibu lake litamwonyesha mwalimu kanuni ambayo mtoto anayo, na ile anayoikosa. Hapo ndipo somo lianzie.